Faini Yangu Iliishia Kwenye Dubwi

"Albina, mumeo harudi."

Shemeji yangu Damiano aliniambia hivyo kupitia nondo za mahabusu ya mahakama, pale Mbinga mjini.

"Harudi vipi? Si ameenda kunilipia faini?"

"Hajafika hata kwa karani... Tumemkuta nyuma ya stendi. Yuko kwenye dubwi, anacheza kamari."

"Na hela?"

Damiano akaangalia viatu vyake.

Ninyi mnaosoma hapa mnategemea niseme nilipiga mayowe. Sikupiga. Nilikaa sakafuni, nikawaza kama kuna mtu amemlisha mwanangu Luisa. Basi. Mwili mzima ulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Ngoja niwaeleze nilifikaje humo.

Nina duka dogo Namswea. Unga, sabuni, mafuta ya kupima. Leseni ina jina langu, kwa sababu mume wangu Erasmo alisema yeye ni mtu wa kahawa, foleni za ofisini haziwezi.

Siku moja akaja na dubwi kwenye bodaboda, zile mashine za kamari za kudondosha sarafu, taa zinawakawaka.

"Tunaliweka nyuma ya magunia," akasema. "Mwenyewe yuko Songea. Tunagawana naye nusu kwa nusu."

"Lina kibali?"

"Kibali cha nini, mama Luisa? Kimchezo tu hiki."

Mteja mkubwa wa hicho kimchezo akawa yeye mwenyewe. Hela ya kahawa ya msimu ule iliingia humo sarafu moja moja. Nikigomba, ananiambia linakaribia kutema.

Halikutema. Waliokuja ni polisi. Wakaenda moja kwa moja nyuma ya magunia, hata hawakutafuta.

"Duka la nani?"

Erasmo alikuwa amesimama pembeni yangu. Akaninyooshea kidole.

"La huyu hapa."

Nilipotoka kwa dhamana, ukoo wa mume wangu ukakaa sengu. Kwa msiojua, hapo wanaume wa ukoo wa Kimatengo wanakula pamoja na kuamua mambo ya familia. Mimi niliitwa wameshamaliza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia baba mkwe, mzee Bernadi. "Tumeona wewe ukubali kosa. Kahawa imeiva, Erasmo akifungwa nani atachuma? Na hakimu akimwona mama anayenyonyesha, atatoa faini. Faini tutalipa sisi."

"Lakini baba, lile dubwi si langu."

"Tunajua."

Nikakubali. Nisemeni mnavyotaka. Nilikuwa mkamwana, na wanaume wote wale walikuwa wananitazama huku wananawa mikono.

Mahakamani nikasomewa shtaka la kuendesha mchezo wa kubahatisha bila leseni.

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa."

Faini, au kifungo cha miezi sita. Baba mkwe akamkabidhi Erasmo hela ya ukoo akalipe, maana mke ni wake. Yaliyofuata Damiano ameshawaambia.

Jela nilipalilia mahindi, nikala, nikalala. Maziwa yakakauka kifuani. Hata hilo sikulilia.

Siku moja askari akaniita: "Albina, kusanya vyako. Faini imelipwa."

Getini nikamkuta mama mkwe, mama Hildegardi, na kikapu chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Luisa mzima, yuko kwa shangazi yake."

"Hela umetoa wapi?"

"Nimeuza nguruwe wangu."

Tukatembea kidogo.

"Erasmo yuko wapi?"

"Mahabusu. Alileta dubwi lingine, akaliweka jikoni kwangu. Nikawapigia polisi."

"Umemripoti mwanao, mama?"

"Hii ni mara ya pili."

Nikasimama katikati ya njia.

"La kwanza pia nilipiga simu mimi," akasema. "Nilitaka wamchukue yeye, Albina. Sikujua kwamba wanaangalia jina la leseni. Wakakuchukua wewe."

"Na siku ya sengu?"

"Nilikuwa naingiza ugali. Nikasikia wanakuchagua. Nikaweka chakula chini, nikatoka."

Nilijaribu kumchukia. Niliitafuta ile chuki, sikuiona. Yeye alikuwa analia, mimi nikampokea kikapu.

"Jana wamekaa tena," akaendelea. "Wanasema safari hii nikubali mimi. Eti jiko ni langu, na hakimu atamhurumia bibi kizee. Faini watalipa wao."

"Walisema hivyohivyo?"

"Hivyohivyo... Wewe unaonaje? Nikubali?"

Hapo ndipo nilipohisi kitu kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya nondo. Ilikuwa hasira, na niliifurahia.

"Hapana, mama."

Kesi iliposikilizwa tulienda wote wawili. Wazee walikaa mbele, wametulia, wanajua mambo yamekwisha. Mama Hildegardi akaulizwa lile dubwi lilikuwa la nani.

"La mwanangu Erasmo," akasema. "Na lile la kwanza lilikuwa lake pia."

Erasmo amefungwa. Mwenye madubwi hajulikani alipo, na ukoo hautusalimii. Mimi na mama mkwe tunakaa nyumba moja na kahawa tunachuma wenyewe.

Mnaoruhusu hayo madubwi kwenye vibanda vyenu, angalieni leseni ina jina la nani. Na ukitamka "ni kweli" mbele ya hakimu, kosa limeshakuwa lako. Hakimu haulizi nyumbani mliahidiana nini.

Mimi nimetoka, nimerudi dukani. Luisa yuko hapa na mimi, lakini akilia bado anamwita shangazi yake.