Mti wa Mia Mbili na Kumi na Tatu

Hesabu ilizidi kwa mti mmoja. Tetsuro alipanda mlimani na misumari mia mbili na kumi na mbili yenye chipu za kuisajili miti, mmoja kwa kila mti, akaimaliza yote, lakini kwenye kompyuta ya kiwanda cha mbao mkewe Mitsue aliona miti mia mbili na kumi na tatu.

"Kuna mmoja umeusajili mara mbili," alimwambia.

"Mimi? Miaka ishirini msituni nisijue kuhesabu? Hiyo kompyuta yako ndiyo imelewa sake."

Walicheka, ila si kwa raha. Ilikuwa tarehe kumi na mbili, siku ambayo huku kwenye milima ya Kiso mkata miti hakanyagi msituni. Bibi Mlima, mungu wa kike wa mlima, huhesabu miti yake siku hiyo, na akimkuta binadamu humo humhesabu pamoja na miti. Lakini mnunuzi wa Nagoya alitaka kila gogo lijulikane limetoka shina gani, na yote yawe yamesajiliwa kwenye blokcheni kabla ya Ijumaa: daftari moja lenye nakala kwenye kompyuta nyingi, ambalo likishaandikwa halifutiki. Bosi akasema mila hazijasaini mkataba. Tetsuro akaenda.

Mitsue aliufungua mstari wa mwisho. Aina ya mti, hinoki. Umri, miaka arobaini na mmoja. Mzingo, sentimita tisini na nne. Mahali: humu humu ofisini, kiti cha pili kutoka dirishani. Mumewe ndiye aliyekuwa amekikalia.

Kesho yake nyumba nzima ilinuka utomvu. Tetsuro alikataa wali, akawa anakunywa maji tu. Jioni ya tatu Mitsue alimsugua mgongo bafuni kama kawaida yao, kitambaa kikakwaruza, akadhani ni uchafu, akasugua tena, ganda jekundu likabanduka kama utepe, na chini yake hapakuwa na damu bali kitu cheupe chenye mistari myembamba, naye Tetsuro hakuguna, hakugeuka, ila ndani ya kifua chake kulisikika mlio wa mti unaopindwa na upepo, ilhali dirisha lilikuwa limefungwa.

Mitsue alimwita Mzee Hachiya, mtunza hekalu la mlimani. Mzee alimwekea Bibi Mlima samaki mkavu wa okoze, mwenye sura mbaya kupita kiasi, akaomba hadi sauti ikamkauka.

"Zamani ilitosha," alinong'ona. "Bibi akimwona samaki huyu hucheka, akajiona mzuri, hesabu ikampotea kichwani. Sasa hesabu yake mmemwandikia. Futeni, mwanangu."

Mitsue akampigia simu fundi wa mfumo.

"Mstari ukishaandikwa haufutiki, dada," alisema fundi kwa fahari. "Ndiyo sifa yake. Unaweza kuongeza maelezo tu."

"Na miti yote iliyomo?"

"Inakatwa Ijumaa."

Mitsue aliikata simu. Akaongeza maelezo chini ya mti ule: *Mti wa mbegu. Usikatwe.* Mfumo ukamuuliza usikatwe mpaka lini. Akachagua muda mrefu kuliko yote, miaka mia mbili, akabonyeza, akalia kwa shukrani.

Ijumaa asubuhi misumeno ilinguruma mlimani. Nyumbani, kitanda cha Tetsuro kilikuwa kitupu. Mitsue alimkuta uani, amesimama wima, miguu imezama udongoni hadi magotini, gome la mti limemfika shingoni. Alianza kuchimba kwa mikono. Kila alipougusa mzizi, mumewe alipiga ukelele, ikabidi aache.

"Nilikuandikia usikatwe," alisema Mitsue akihema. "Hawatakugusa, mume wangu."

"Mpaka lini?"

Alimwambia.

Tetsuro alimtazama. Macho yake yalikuwa bado ya mtu, na yalikuwa yamejaa machozi mazito ya rangi ya asali.

"Mke wangu," alisema taratibu, "wewe ukishakufa, nitaongea na nani?"