Ncha Nyeusi, Ncha Nyeupe

Pembe mbili za ng'ombe zilikuwa zimeibwa. Nyingine tisa zilibaki zimepangwa kwenye sakafu ya karakana, na hilo ndilo lililomchoma fundi wa pinde kuliko wizi wenyewe.

"Mwizi kachagua, afande! Kachagua kama yuko dukani. Ni Kwato tu, yule aliyeniuzia. Nashukuru mmemweka ndani."

Inspekta, mwanamke mfupi asiyependa kufundishwa kazi yake, alichuchumaa.

"Zilizoibwa zilikuwaje?"

"Moja nyeusi, moja nyeupe. Ndiyo maana nasema ni mpumbavu. Upinde huvishwa ncha ya pembe huku na huku, mahali pa kushikia kamba. Nani anavisha rangi mbili? Na hii nyeusi inayong'aa, nzuri kuliko zote, kaiacha!"

"Ikate."

"Afande?"

"Kata."

Msumeno ulipita. Uwazi wa ndani ulifika karibu na ncha kabisa. Hapakubaki cha kuchonga. Ya pili ilikuwa na ufa. Fundi alijifuta jasho, akakiri kwamba mwezi huu wateja wawili wamerudisha pinde, ncha zimepasuka.

"Kumbe huyo mpumbavu anazijua kuliko wewe," alisema Inspekta.

Akanyunyiza unga wa kuchukulia alama za vidole. Kila pembe ilikuwa na mstari wa kidole gumba kutoka shinani hadi nchani. Mwizi hakuziangalia. Alizipapasa.

"Kwato anaona vizuri?"

"Ana macho ya mwewe."

"Na wewe, nani alikufundisha kazi?"

"Mama. Lakini siku hizi nimempumzisha."

Mama alikuwa chumba cha pili, mgongo wima, mikono mapajani. Kucha zake zilikuwa na unga wa pembe iliyopigwa tupa. Inspekta alimwamkia, akamwekea mbele pembe mbili kati ya zile zilizobaki.

"Mama, nipe ile nyeusi."

Bibi alizigonga kwa fundo la kidole, akazipima uzito. "Zote mbovu ndani. Za nini?"

"Nimeuliza rangi, Mama."

Bibi alizipapasa upya, moja moja.

"Mama," mwanawe alinong'ona mlangoni, "zote ni nyeupe."

"Basi nimeiba mimi." Bibi aliinua kidevu. "Macho yaliniaga mwaka jana. Nilinyamaza, maana nilijua utanikalisha kama mgeni. Hata hivyo ukanikalisha. Halafu nikamsikia mteja uani akisema pinde za nyumba hii zinapasuka. Za nyumba hii! Miaka arobaini, ncha yangu haijarudishwa hata moja. Ningekaa tu?"

Alitoa upinde nyuma ya kitanda. Ncha moja nyeusi, moja nyeupe, zimekaa kwenye mti bila mwanya wa kupitisha unywele. Fundi aliufunga kamba, akauvuta hadi sikioni na kuulegeza taratibu, mara kumi. Hakuna kilichotikisika. Machozi yalimtoka kwa fahari, wala hakuona haya.

"Afande, mwachieni Kwato. Nitamwomba radhi mwenyewe."

"Na kwenye jalada niandike nini?"

"Andika," alisema bibi, "kwamba nilichagua vizuri."

Inspekta akaandika hivyo hivyo. Fundi alimshika mama yake mkono, akamwongoza hadi karakana, akamvutia kiti chake cha zamani penye meza ya kazi.

"Wewe chagua, Mama. Rangi nitakuambia mimi."