Ngoma Aliyoazima Mwalimu Debora

Kila Jumatano saa nane mchana, Mwalimu Debora alitoa madawati ya darasa la tano nje. Aliyatoa peke yake. Mwalimu Fakihi, mkuu wa shule, alimtazama kupitia dirisha la ofisi, kikombe cha chai mkononi.

"Unahama, mwalimu?"

"Natafuta nafasi ya kucheza, mkuu."

"Ukimaliza uyarudishe. Kesho kuna mtihani."

Debora alibeba dawati lingine.

Shule hiyo iko kijiji cha jirani na Mitole, wilayani Kilwa. Debora alikuwa mgeni hapo. Alikulia Masasi mjini, akasomea sanaa chuoni. Alipofika alikuta kucheza ngoma shuleni kuna kazi moja tu. Mgeni akija, watoto wanasimamishwa juani, wanaimba, mgeni anapiga makofi na kuondoka. Basi.

Debora alitaka kipindi cha kweli. Watoto wapashe mwili joto kwanza. Wajifunze kusikiliza mapigo. Wajifunze kucheza pamoja bila kukanyagana. Alibembeleza muhula mzima ndipo akapewa Jumatano.

Wiki za mwanzo walicheza kwa kupiga dumu la maji. Watoto thelathini na wawili walikuja. Aliyewashinda wote ni Naima, binti mwembamba ambaye miguu yake haikukosea pigo.

Lakini dumu lina sauti ya dumu. Debora akaenda kwa Mzee Yassin, ambaye mkewe alifariki mwaka juzi. Stoo, nyuma ya magunia ya korosho, palikuwa na ngoma ndefu inayosimama kwa mguu mmoja.

"Chukua, mwanangu," alisema Mzee Yassin. "Ilikuwa ya marehemu. Sasa wanaifaidi panya."

Jumatano Debora aliwasha moto wa nyasi, akaikaza ngozi, akapiga. Ngoma ililia mpaka kisimani.

Jumatano iliyofuata walikuja watoto tisa. Wote wavulana.

"Wasichana wako wapi?"

"Wamekatazwa, mwalimu."

"Na nani? Kwa nini?"

Wavulana walitazamana, wakacheka chini chini.

Mwalimu Fakihi alihesabu kutoka mlangoni. "Tisa! Sikiliza, mwalimu. Jumatano ijayo wasipofika ishirini, kipindi nakirudisha kwa hisabati."

Jioni ile Debora alizunguka nyumba kwa nyumba. Alianzia kwa mama yake Naima, aliyekuwa akimenya mihogo.

"Naima anaumwa," alisema Mama Naima bila kuinua macho.

"Pole. Anaumwa nini?"

"Mguu."

Naima alipita nyuma ya nyumba mbio, akimfukuza kuku.

"Mguu huo huo anaokimbilia?"

"Una maumivu ya kuja na kuondoka," alisema Mama Naima. "Karibu mihogo, mwalimu."

Nyumba ya pili mtoto aliumwa jino. Ya tatu, malaria. Ya nne alikuwa amesafiri, na Debora alimwona akichungulia mlangoni.

Alirudi kwake amechoka, akavua viatu na kuvitupa uani. Jirani yake, Bi Hafsa, alikuwa anapeta mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, Bi Hafsa."

"Marahaba. Viatu vimekukosea nini?"

"Watu wa hapa wamenikosea! Kijiji kizima kimeugua kwa wiki moja!"

Bi Hafsa aliweka ungo chini. Yeye ndiye aliyekuwa kungwi wa kijiji, mwanamke anayewafunda wari, yaani wasichana wanaovunja ungo.

"Kaa, mwanangu. Ile ngoma uliyopiga inaitwa msondo. Ni ya unyago. Inapigwa wari wakiwa ndani, na wanawake peke yao. Wewe umeipiga mchana kweupe, mbele ya wavulana. Sisi kisimani tulitua ndoo. Tukasema, mwalimu amewacheza unyago watoto wetu bila kutuuliza wazazi!"

Debora alishika kichwa. "Na wiki nzima hakuna aliyeniambia?"

"Mambo ya ndani hayasemwi barabarani."

"Kwa hiyo mguu, jino, malaria..."

"Ulitaka waseme nini?"

"Wangesema ukweli! Na Mzee Yassin je? Kanipa kwa mikono yake!"

"Yassin mwanamume, anajua nini? Alikuwa anaona kitu kirefu stoo." Bi Hafsa alicheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini wewe ungeuliza. Kila ngoma ina watu wake na mahali pake. Ipo ya wari. Ipo ya harusi. Ipo ya kuchezwa na yeyote. Kabla hujaipeleka shule, waulize wenyeji. Halafu waite wazazi waone kwa macho yao unachofundisha. Mtu hawezi kukubali kitu anachokisikia kwa mbali."

"Utanisaidia?"

"Lete msondo kwangu kwanza."

Jumatatu wazazi waliitwa shuleni. Debora aliomba radhi mbele yao. Bi Hafsa alikaa karibu yake na ngoma mbili fupi, ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzipiga. Kisha Debora aliwaonyesha somo zima, tangu kupasha mwili joto mpaka kupumzika na kunywa maji.

"Watavaa nini?" aliuliza Mama Naima.

"Sare, na suruali ndani."

"Na swala?"

"Tunamaliza kabla ya alasiri."

Baba mmoja, Maftaha, alisimama. "Mwaka jana mwanangu alizimia juani, anamsubiri mgeni. Hilo je?"

Debora alimtazama mkuu wa shule. Mkuu alikohoa.

"Hakuna mtoto wa kusimamishwa juani tena," alisema Mwalimu Fakihi.

Jumatano ilifika. Saa nane kamili walikuwa kumi na mmoja. Mkuu alitazama saa yake. Debora alianza kupiga ngoma, macho yakiwa njiani.

Ndipo Naima akatokea, na kundi la wasichana nyuma yake. Na nyuma ya wasichana, mama zao.

"Ishirini na sita," alihesabu Mwalimu Fakihi. "Na wazazi saba. Nao niwaandike?"

"Mguu umepona, Mama Naima?" aliuliza Debora.

"Umepona, alhamdulillahi." Mama Naima alikuwa ameshavua ndala na kuingia katikati. "Hapo umeharakisha, mwalimu. Rudia."

"Mama Naima, hiki ni kipindi cha darasa la tano!"

"Nimesikia. Piga."

Debora alipumua kwa nguvu, akapiga.

Jumatano iliyofuata alikuta madawati yote yako nje. Mwalimu Fakihi alikuwa ameegemea la mwisho, anajifuta jasho.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Kurudisha ni kazi yako."