Waya wa Saburi na Unga wa Bi Swaumu

Jua lilikuwa linazama Nandagala wakati Saburi aliposhuka kwenye bodaboda, begi la laptop mgongoni, uso umejaa vumbi la barabara ya Ruangwa. Alikuwa ametoka Nachingwea mchana kweupe kwa ajili ya rimoti moja tu. Fundi mwingine angeikataa safari ile, lakini Saburi alikuwa mtu wa sifa, na sifa zake zote zilikaa kwenye rimoti.

Nachingwea walimwita Daktari wa Rimoti. Ukinunua televisheni ya mtumba isiyo na rimoti, unampelekea yeye. Alikuwa akiuza zile rimoti za kufaa kila televisheni, zenye vishimo sita vidogo mahali pa betri. Anachukua moja, anageukia ukutani, anajitanda kitenge kichwani kama mtu anayejifukiza, na baada ya muda anakupa inafanya kazi. Chini ya kitenge mlikuwa na laptop kuukuu na waya aliouunda kwa mkono wake. Alikata waya wa chaji ya simu, akaacha kichwa cha kuchomeka kwenye laptop, kisha upande wa pili akachomelea sindano sita kwa risasi. Nyaya zenyewe, nyekundu, nyeusi na nyeupe, alizisuka pamoja na kuzifunga utepe mweusi. Kwa waya huo aliingiza ndani ya rimoti amri za televisheni yoyote aliyotaka.

Hakuna mteja aliyewahi kuuona. Saburi aliogopa kuigwa. Na watu walipoanza kunong'ona kwamba ana jini lake linalomfungulia rimoti, hakukanusha. Alitabasamu tu, maana wateja waliongezeka.

Ndalahwa alimpokea uani. Alikuwa mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kanda ya Ziwa, akajenga nyumba ya bati ubavuni mwa nyumba ya Bi Swaumu, mjane mwenye mikorosho yake michache. Rimoti yake ilitoka kwa Saburi.

"Fundi, hii kitu yako itanimalizia mji," alisema. "Jua likizama, tivii inajiwasha. Yenyewe! Sauti juu kabisa. Rimoti nimeifungia sandukuni, bado inajiwasha. Na ikijiwasha jioni, asubuhi naokota ndama amekufa."

"Ndama wangapi, mzee?"

"Acha tu, fundi."

Mkewe, Marystella, alinyoosha kidevu kuelekea dirisha la jirani. Akashusha sauti.

"Watu wanasema ni yule bibi."

Saburi alicheka kicheko cha kitaalamu. Akaomba kiti, akageukia ukutani, akajitanda kitenge. Akachomeka waya kwenye rimoti na kutazama kioo cha laptop. Hapo hapo kicheko kikamwishia. Faili alilokuwa analitazama lilikuwa lile lile. Kwa muda mrefu sasa, kwa uvivu tu, alikuwa anamwaga faili moja ndani ya kila rimoti anayouza, bila kutenganisha. Na rimoti nyingine alimuuzia Bi Swaumu, sokoni Ruangwa. Dirisha la bibi lilitazamana na mlango wa sebule ya Ndalahwa. Bibi akiwasha yake jioni, ya jirani inasikia.

Basi. Uchawi wenyewe ndio huo.

Ilitosha kugeuka na kusema, "Kosa ni langu." Masikio yalimchoma. Daktari wa Rimoti, kumbe anawauzia watu kitu kile kile kama maandazi! Na hao ndama je? Ndama hufa kwa mambo mengi, alijiambia. Akajitandua kitenge.

"Nipeni muda kidogo," alisema.

Muda haukuwepo. Nje watu walikuwa wamekusanyika, na katikati yao alisimama Mzee Ismaily, kaka wa Bi Swaumu na mjomba wa ukoo mzima, ameshika bakuli na unga wa mtama. Alikuwa amechoka kusikia dada yake akitajwa visimani. Leo angewauliza wazee waliolala makaburini, kama ukoo wao ulivyouliza siku zote. Unga unamiminwa taratibu sakafuni, kichwani pa kitanda cha anayetuhumiwa, unasimama kama kichuguu chenye ncha, unafunikwa bakuli. Alfajiri linafunuliwa. Ncha ikikutwa imesimama, Bi Swaumu hana kitu. Ikikutwa imeanguka, ataondoka katika nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi.

"Mzee, mimi ni mgeni kwenu," alisema Ndalahwa. "Mkisema hana kitu, nitampigia magoti mbele ya watu. Mkisema anacho..."

Akageukia banda la ng'ombe wake.

Bi Swaumu alisimama pembeni, mikono ndani ya kanga.

"Miminani," alisema. "Mimi nitalala jikoni."

Unga ukamiminwa. Mzee Ismaily akatoka, akavuta mlango, akaonya kwamba mtu yeyote asiingie mpaka alfajiri. Adhana ya magharibi ikaita. Wanaume wakaelekea msikitini, na Saburi naye akasema anakwenda kuswali.

Hakwenda.

Mpango wake ulikuwa mdogo na ulionekana safi. Ataingia, atachomeka waya kwenye rimoti ya bibi, atabadili faili, atatoka. Televisheni haitajiwasha tena, unga utasimama, bibi atabaki kwake, na hakuna atakayejua uzembe wa fundi. Alizunguka nyuma ya banda la ng'ombe, akasukuma mlango wa bibi kwa bega.

Ndani giza lilikuwa linaingia. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa na ya mtama uliosagwa... na harufu nyingine, anayoijua kuliko zote. Risasi iliyoyeyuka. Moshi wa kuchomelea.

Alinusa mikono yake. Harufu haikutoka mikononi.

Televisheni ndogo ya bibi ilikuwa juu ya meza karibu na kitanda, imefunikwa kitambaa chenye vumbi. Juu ya kitambaa ililala rimoti, bado ndani ya mfuko wa plastiki aliouziba Saburi mwenyewe kwa gundi. Alitoa waya begini, akauweka sakafuni, akauchana mfuko. Akafungua mahali pa betri.

Patupu.

Bibi hakuwahi hata kutia betri. Hakuwahi kuitumia.

Sasa ni nini kinachowasha tivii ya Ndalahwa?

Saburi alijishika kwenye kazi yake, maana hakuwa na kingine cha kushika. Mafundi wote hupima rimoti kwa kamera ya simu. Mwanga wa rimoti, ambao jicho haliuoni, kamera huuona. Akatoa simu. Akaielekezea kamera kwenye pua ya rimoti isiyo na betri, isiyo na waya, isiyoguswa kitufe.

Kwenye kioo cha simu, taa ikawaka.

Ikazima.

Ikawaka...

Ng'ambo ya ua, televisheni ya Ndalahwa ikapasua ukimya kwa sauti yake yote. Watoto wakapiga kelele. Saburi aliruka nyuma, kisigino kikapiga kitu, na kitu hicho kikaviringika mpaka uvunguni kwa mlio wa bati.

Bakuli.

Unga ulikuwa umetawanyika.

Alipiga magoti. Aliukusanya kwa viganja, akaumimina, ukaanguka. Akaumimina tena. "Simama," alinong'ona. "Simama, nakuomba." Ndani ya unga vidole vyake vikagusana na kitu baridi. Akajiambia ni ukingo wa bakuli. Bakuli lilikuwa bado kule uvunguni.

Kichuguu kikasimama mwishowe, kimeinama upande kama mlevi. Akakifunika, akachukua begi, akatoka mbio, na alipofika uani kwa Ndalahwa alijifanya anatoka msikitini. Walimkaribisha ugali. Alikula, na aibu ya kula ule ugali anaijua mwenyewe.

Alfajiri walirudi wote. Saburi alisimama nyuma, ameinamisha kichwa. Alikuwa ameshajua kitakachoonekana: kichuguu kilichopinda, au rundo tu. Mzee Ismaily alisema maneno machache kwa Kimwera, akafunua bakuli.

Unga ulikuwa umesimama.

Ulisimama wima, mviringo, ncha kali kabisa, vizuri kuliko alivyoumimina mzee mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Ismaily akafuta macho kwa kofia. Ndalahwa, mtu wa watu, alikuwa ameshaanza kukunja goti. Saburi peke yake ndiye aliyehisi baridi, kwa sababu ule haukuwa unga alioacha yeye.

"Na hicho nini?" aliuliza Marystella.

Karibu na mguu wa kitanda, umepakwa unga, ulilala waya.

Mzee Ismaily aliuinua kwa ncha ya fimbo. Vigelegele vikakatika. Nyaya tatu za rangi zimesukwa pamoja mfano wa nywele za maiti, zimefungwa utepe mweusi, na mwishoni sindano sita zimesimama. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile. Ni kweli, hakuna. Mwenye nacho alihakikisha.

"Sindano moja kwa kila ndama," mtu alisema nyuma, na hakuna aliyeuliza kama hesabu inalingana.

"Swaumu," alisema Mzee Ismaily, sauti imepasuka. "Unga umekutetea. Lakini hiki... hiki ni nini, dada yangu?"

"Sikijui," alisema Bi Swaumu.

Huo ni waya wangu. Maneno manne. Yalikuwa yamefika mpaka kwenye meno ya Saburi. Akayapima. Wangemuuliza alifuata nini chumbani kwa mjane wakati wa swala. Wangekumbuka lile jini alilojisifia kwa kunyamaza. Sindano zingekuwa zake, ndama wangekuwa wake. Macho ya Bi Swaumu yalipita kwenye nyuso za watu moja moja, yakafika kwake, yakatulia.

Saburi aliinama. Alikuwa na unga kwenye pindo la suruali. Akaupangusa.

Unga haukutajwa tena; waya ulichomwa uani kwa mafuta ya taa. Plastiki ilinuka, risasi ikadondoka matone. Kabla jua halijapanda, Bi Swaumu alitoka na mkeka na furushi moja, akashika njia ya Likunja kwa binti wa marehemu dada yake. Mzee Ismaily alitazama chini mpaka dada yake alipopotea njiani. Na Ndalahwa alimlipia fundi bodaboda ya kurudi Nachingwea, akamshukuru kwa kujisumbua. Alishukuriwa!

Alivumilia siku kadhaa. Chakula kilimkataa, kazi ikamkataa. Mwisho alipanda pikipiki mpaka Likunja, akamkuta bibi barazani anabangua korosho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Umechelewa."

Saburi alipiga magoti kwenye maganda. Akasema yote: faili, mfuko wa plastiki, bakuli, waya. Bibi alisikiliza huku akibangua.

"Nilikuona," alisema. "Mlango wa jikoni unatazama chumbani."

"Bibi... mbona hukunitaja?"

"Nani angenisadiki mimi, mchawi wao? Nilikuwa nakungoja wewe. Nilikutazama, nikajua sasa atasema, huyu ana mama kwao. Ukainama."

Saburi alilia waziwazi, bila kujificha. Bibi alimwacha alie.

"Mimi nataka kukuuliza moja tu," alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Yule mwenzio ni nani?"

"Mwenzangu?"

"Mliyekuwa mnakusanya naye unga. Wewe ulitoka. Yeye akabaki, akautengeneza vizuri."

Saburi alijipangusa machozi. "Bibi, nilikuwa peke yangu."

Bi Swaumu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Hakumtazama yeye. Alitazama juu kidogo ya bega lake, kwa muda, kisha akavuta ungo wake wa korosho karibu na miguu.

"Nenda ukawaambie," alisema. "Nataka nyumba yangu. Nenda sasa hivi, na ukifika kule usipite ndani kwangu."

Alikwenda. Njia nzima alirudia yale maneno manne. Kwa Ndalahwa aliwakuta wote barazani, Mzee Ismaily yumo. Wakamsogezea kiti. Ndalahwa akasema tangu bibi aondoke kuna amani. Tivii imetulia, ndama wananyonya. Saburi akafungua mdomo.

"Nimepita tu," alijisikia akisema, "kuangalia kama rimoti inafanya kazi."

"Inafanya kazi sana, fundi," alisema Ndalahwa. "Mungu akubariki."

Nyumba ya Bi Swaumu ilikuwa imeng'olewa mlango.

Siku hizi Saburi hajitandi tena kitenge. Ameunda waya mwingine, na anautumia mbele za watu, kila mtu auone. Jioni akifunga kazi hubaki peke yake na televisheni za wateja zilizopangwa ukutani, hazijachomekwa kwenye umeme. Mara nyingine mojawapo hujiwasha. Chumba hujaa harufu ya risasi, na kitu baridi hutulia nyuma ya bega lake.

Ungedhani hukimbia. Hakimbii. Hukaa kwenye kigoda chake na kushusha pumzi, akijiambia: ndicho hiki, hiki ndicho kilichoniziba mdomo.

Jioni zinazomtisha ni zile nyingine, ambazo televisheni zote zinabaki zimezimwa, na mle ndani hamna mtu ila yeye.