Darasa la Nusu Duara

Asubuhi ile, kama asubuhi zote, Chiriku aliamka akiwa tayari anaongea. Alimsemesha paka, akayasemesha maji ya kunawia, akaigombeza soksi iliyokataa kuonekana. Alikuwa na jina jingine la shuleni, lakini hata walimu walikuwa wamelisahau. Kaka yake, aliyemzidi mwaka mmoja, alizaliwa hasikii, na katika lugha ya alama alimwita dada yake kwa kufumba na kufumbua vidole kama mdomo wa ndege. Kwa hiyo kwa sauti au kwa mikono, Chiriku alikuwa Chiriku tu.

Mama yao alizijua alama vizuri. Bibi ndiye aliyesema mikono yake imezeeka mno kuanza shule. Basi mezani Chiriku alikuwa mkalimani wake, na kazi hiyo aliipenda kuliko chakula chenyewe.

Kaka alionja chai, akakunja uso, akasema kwa mikono, "Bibi ametia chumvi badala ya sukari."

"Anasemaje mjukuu wangu?" Bibi akauliza.

"Anasema chai ya leo haina mfano," akajibu Chiriku.

Bibi alifurahi, akamwongezea kaka kikombe kingine hadi pomoni. Kaka alimtazama dada yake kwa jicho ambalo halikuhitaji mkalimani. Chiriku alicheka mpaka akapaliwa na mkate. Hakuona ubaya wowote. Alijiona anayaweka tu maneno ya watu vizuri, kama mtu anayetandika kitanda.

Siku hiyo shule ya Chiriku ilikuwa imefungwa, naye akafuatana na kaka yake hadi shule ya watoto viziwi, nyuma ya karakana ya zamani ya halmashauri. Huko kulikuwa na ugeni. Shule ile ndogo iliishia darasa la tano. Mtoto aliyemaliza hapo alipelekwa shule ya bweni, mwendo wa kutwa nzima, akarudi nyumbani wakati wa likizo tu. Kaka alikuwa darasa la tano. Mwalimu mkuu, mama mmoja mchangamfu aliyeongea kwa mikono hata alipokuwa kwenye simu, alikuwa ameiomba halmashauri ya mji iwape ile karakana ili wajenge madarasa zaidi. Siku hizo karakana ilikuwa makao ya magari mabovu na kuku wa mlinzi. Madiwani walikuwa wanakuja kukagua, na kesho yake wangeamua.

Chiriku alikuwa hajamwambia mtu, lakini tangu aliposikia habari za ile shule ya bweni, alilala usingizi wa mang'amung'amu. Hakuweza kuifikiria nyumba yao bila kaka yake. Angemsengenya jirani na nani, kwa mikono, huku jirani mwenyewe amekaa palepale anakunywa chai?

Madiwani walipofika, mwalimu mkuu aliwaongoza kwenda karakana. Mwenyekiti wao alibaki nyuma. Alikuwa mzee mrefu, mwalimu mstaafu, mwenye tabia ya kupandisha miwani kwenye paji la uso kisha kuitafuta mifukoni. Aliingia peke yake katika darasa la tano.

Wanafunzi kumi na wawili walikuwa wamekaa kwa nusu duara, migongo ikikaribia kuta, na katikati pakiwa wazi. Mwenyekiti alisimama papo hapo katikati, akageuka huku na huku. Kisha akamwona Chiriku mlangoni.

"Wewe binti, unaijua lugha yao?"

"Naijua kama ya kwangu, Mheshimiwa."

"Basi muulize kijana huyu. Chumba hiki kinawatosha?"

Kijana mwenyewe alikuwa kaka yake. Chiriku akamuuliza, naye akajibu bila haraka. "Sisi kumi na wawili kinatutosha. Akiongezeka mmoja tu, hakitoshi. Mweleze kwamba lazima tuonane mikono…"

Chiriku hakungoja amalize. Kinatosha! Kaka ana wazimu? Aliiona ile shule ya bweni ikimfungulia kaka yake lango.

"Anasema wamebanana mno, Mheshimiwa," akasema harakaharaka. "Hata pumzi hawapati. Wengine wanakaa chini."

"Wanakaa chini," mwenyekiti akarudia, akiitazama sakafu tupu iliyomzunguka. "Wapi?"

"Siku nyingine," akasema Chiriku.

Mwenyekiti aliguna, akashukuru, akatoka. Kaka akamuuliza dada yake mzee amesemaje.

"Amefurahi sana," Chiriku akajibu kwa mikono, na kichwa juu kama mtu aliyeokoa jahazi.

Kesho yake ukumbi wa halmashauri ulijaa. Wazazi na wanafunzi walikaa kwenye viti vya nyuma, na mama akakaa kati ya watoto wake wawili. Mbele, madiwani walikuwa wameizunguka meza yao kubwa ya nusu duara. Mwalimu mkuu alisimama pembeni, akiwageuzia wanafunzi kila neno kuwa alama.

Mwenyekiti alisimama. "Waheshimiwa, mimi nimefundisha darasa la watoto themanini, wengine wamekaa dirishani. Jana nimeingia darasa lenye watoto kumi na wawili. Katikati peupe, ng'ombe angegeuka! Nikamuuliza kijana yule aliyekaa pale nyuma. Jibu lake? Eti hawapati pumzi, na wengine wanakaa chini. Sasa mtu akinidanganya kwa jambo ninaloliona, nitamwamini vipi kwa lile nisiloliona? Napendekeza ombi hili tuliweke kando. Ile karakana iwe maegesho ya magari."

Mikono ya mwalimu mkuu ilipunguza mwendo, lakini haikuacha neno hata moja. Kaka aliinama mbele kumtazama dada yake.

"Mimi nilisema hivyo?" akauliza. Alama zake zilikuwa ndogo, karibu na kifua, kama mtu anayenong'ona.

Mama naye aligeuka. "Chiriku, ulimwambia nini yule mzee?"

Chiriku alimtazama mama, kisha kaka. Angeweza kunyamaza, kwani hakuna aliyemtaja. Lakini ukumbi mzima sasa ulimtazama kaka yake kwa jicho la kumwona mwongo, naye hakuwa hata na sauti ya kupiga kelele kwamba si kweli. Chiriku aliona aibu kuliko alivyowahi kuona aibu siku yoyote. Akasimama.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

"Wewe si diwani, binti," akasema mwenyekiti, na watu wakacheka.

"Najua. Mimi ndiye mwongo."

Kicheko kikakatika.

"Kaka yangu hakusema wamebanana. Alisema chumba kinawatosha. Mimi ndiye niliyetia chumvi, maana mkikataa, kaka atapelekwa mbali, na mimi sitaki aende." Akafuta pua kwa kiganja. "Alikuwa anaeleza sababu, nikamkatiza."

Mwenyekiti alimgeukia kaka. "Basi aeleze sasa. Mwalimu mkuu atatufasiria."

Kaka aliinuka, akaenda mbele. Lakini alipofika, alimwonyesha kidole dada yake. "Hapana. Afasiri yeye," akasema kwa mikono, na mwalimu mkuu akakitangazia kikao. Kisha kaka akamgeukia Chiriku. "Safari hii, kama nitakavyosema."

Chiriku alisogea mbele. Kaka akaanza, naye akafuata, neno kwa neno.

"Waheshimiwa, naona nanyi mmekaa kama sisi. Mmezunguka meza ili muonane mnapozungumza. Ninyi mkipangwa kwa mistari, bado mtasikiana. Sisi mazungumzo yetu yako mikononi na usoni. Ukinikalisha nyuma ya mwenzangu, umenitoa nje ya darasa. Ndiyo maana katikati pako wazi. Pale si patupu. Pale ndipo tunapoongelea."

Madiwani kadhaa walitazamana, wengine wakaitazama meza yao kama walikuwa hawajawahi kuiona.

"Duara letu limejaa. Darasa la sita halina mahali pa kukaa, ndiyo maana tunaomba karakana." Kaka akaendelea. Chiriku aliziona alama zilizofuata. Akamtazama kaka yake kwa macho ya kumwomba. Kaka akasubiri tu.

"Na… na yule mheshimiwa mwenye miwani kwenye paji la uso," akasema Chiriku, masikio yakimwaka moto, "jana alikuja kusimama katikati yetu. Mpaka alipotoka, upande huu wa darasa haukujua upande ule unasema nini. Ilikuwa kama mtu ametukatia simu."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mwenyekiti alipapasa paji la uso, akaikuta miwani, akaishusha machoni. Akamtazama kaka vizuri, halafu Chiriku, halafu akacheka mwenyewe mpaka mabega yakatikisika.

"Kumbe darasa lilikuwa limejaa, na aliyebanana zaidi ni mimi!" akasema. "Waheshimiwa, nalifuta pendekezo langu. Wanaokubali shule ipewe karakana, wanyooshe mikono."

Mikono ya madiwani wote ilipanda. Wanafunzi walipoiona, nao walirusha mikono yote miwili juu, wakaitikisatikisa, vidole vikicheza hewani. Karani aliinuka kuhesabu, akapoteza hesabu, akaanza upya.

"Mheshimiwa, madiwani ni kumi na mmoja, lakini mimi hapa naona mikono haina idadi!"

"Hao hawapigi kura," mwalimu mkuu akasema, akicheka huku akifuta machozi. "Wanapiga makofi. Kwa viziwi, ndiyo makofi hayo."

Mwenyekiti alifikiri kidogo, akainua mikono yake mirefu, akaitikisa vilevile. Na ukumbi mzima ukamfuata, kimya kabisa, hata karani.

Watu walipokuwa wakitoka, mwalimu mkuu alimwita Chiriku pembeni. Chiriku alijua kinachokuja, akainamisha kichwa.

"Unampenda kaka yako," mwalimu akasema. "Hilo nimeliona. Lakini ulidhani ukweli wake hautoshi mpaka uuongezee wa kwako, na kidogo tu umkoseshe shule. Mkalimani anabeba maneno ya mtu mwingine, mwanangu. Kazi yake ni kuyafikisha yalivyo, matamu kwa machungu. Ukiyabadilisha, hata kwa nia njema, umemnyang'anya mwenzako sauti yake. Leo umemrudishia, mbele ya watu wote, na haikuwa rahisi. Endelea hivyohivyo."

"Nimesikia, Mwalimu. Sitarudia."

Nje, kaka alikuwa akimsubiri kwenye ngazi, mikono mifukoni, jambo ambalo kwao lilikuwa sawa na kununa. Chiriku aliketi kando yake. Aliomba msamaha kwa alama moja tu, bila kuongeza lolote, na kwa Chiriku hiyo ilikuwa kazi kubwa. Kaka alimwacha angoje kidogo. Kisha akaitoa mikono mifukoni.

"Mwakani darasa la sita," akamwambia. "Nitakuwa nyumbani. Sasa niulize lile swali la jana, nami nimalize jibu langu."

Chiriku akamuuliza, akaketi akitazama mikono ya kaka yake mpaka iliposema neno la mwisho.