Shamba la Makokha Halilimwi

"Velma! Nimempata! Wallahi nimempata!"

Velma alikuwa chumba cha kufulia, simu ameibana kwa bega, mikono imejaa shuka za madam.

"Laban, punguza sauti, madam yuko sebuleni. Umempata nani?"

"Babu yangu! Babu Japheth! Na kwao nimepajua!"

Shuka zikamponyoka zikaanguka. Ngoja niwaeleze kwa nini, maana hapa ndipo harusi yao ilikuwa imekwama.

Velma ni kadama, mfanyakazi wa ndani, kwenye nyumba moja ya kifahari Al-Hamra, Jeddah. Laban ni dereva. Walikutana mtaa wa Bani Malik, kwa rafiki yao Serah, Ijumaa moja wakigombania chapati ya mwisho. Laban akaimega, akampa kipande kikubwa, basi, Velma akaisha. Baadaye kafili wa Laban, yule mwajiri aliyemleta, akamhamishia Riyadh, mapenzi nayo yakahamia kwenye simu. Shida ilikuwa Mzee Paul, babake Velma, Mbukusu wa Bungoma asiyecheka na mambo ya mila. Alisema neno moja tu:

"Huyo kijana ni wa ukoo gani? Nikijua si ndugu yetu, waje hata kesho."

Laban hakuujua ukoo wake. Kwao ni karibu na Kitale, mahali panaitwa Haltoni, shamba la mzungu la zamani. Babu yake alifia pale angali kijana, mwanawe hata kutembea hajajua vizuri. Nyanya yake alikuwa wa kabila lingine, na alichojua kuhusu mumewe ni hilo jina la ubatizo, Japheth. Majirani mpaka leo huwaita watu wa kuja.

"Haya, nieleze polepole," Velma akasema kwa furaha.

"Si unamjua Mister Mike, yule mzee Mwingereza ninayemwendesha? Yule ambaye kila siku ya mapumziko anatafuta mababu zake kwenye kompyuta?"

"Yule wa sensa."

"Huyo huyo. Kwao serikali ilihesabu watu nyumba kwa nyumba tangu zamani, majina yote yako. Sasa juzi akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Haltoni. Mzee akaniambia niegeshe gari! Kumbe Halton ni kijiji cha Uingereza. Yule mzungu aliliita shamba jina la kwao."

"Ala!"

"Mike akaingia sensa ya hicho kijiji, akampata mzungu wetu angali mtoto mchanga kwa mamake. Akamfuata, akamfuata, mpaka akawapata wajukuu zake. Na wamehifadhi makaratasi ya shamba!"

"Na sisi hatukuhesabiwa?"

"Sisi? Tulihesabiwa vichwa tu, majina ya nini. Lakini huyu mzungu aliwaandika vibarua wake na mahali walikotoka. Sikiliza, nakusomea. 'Japheth Makokha, mwana wa Wanyama. Kwao Namulanda.' Namulanda, Velma! Na nyumbani tuna ng'ombe anaitwa Namulanda! Mamake aliitwa hivyo, na nyanyake pia. Babu ndiye aliyempa wa kwanza hilo jina, sisi tukadhani ni jina la ng'ombe tu. Kumbe maskini alikuwa anakumbuka kwao!"

Velma alikaa chini, juu ya zile shuka.

Namulanda ni kijito kilichokipa kijiji chao jina, alikotekea maji utotoni. Wanyama ni babake babu yake. Na chini ya boma lao, ukiteremka kwenye kijito, kuna kipande cha ardhi ambacho kijiji kizima hukiita Kwa Makokha, na hakuna Makokha anayeishi pale. Ni cha kaka mkubwa wa babu yake, aliyeenda kufanya kazi kwa wazungu asirudi tena. Hakuna aliyewahi kukilima. Ng'ombe hulishwa pale, basi. Velma akiwa mdogo aliwahi kupanda mahindi yake ya mchezo, babake akaja akayang'oa kwa mkono wake. "Mwenyewe akirudi atakuta nini?" alimwambia.

"Velma? Unapajua huko?"

"Madam ananiita," akasema, akakata simu. Madam hakuwa amemwita.

Jioni ujumbe ukaingia: "Ijumaa nakuja Jeddah kwa basi. Tutampigia mzee pamoja. Mke wangu wewe."

Velma aliusoma mara tatu. Akatuma alama moja ya kopa, akazima simu.

Ijumaa alipewa ruhusa yake, akafika Bani Malik mapema, Laban akiwa bado njiani. Serah alikuwa anasukuma chapati. Velma alimweleza yote bila kuketi.

"Kwa hivyo babu yako na babu yake..."

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Uuuwi." Serah aliacha kusukuma. "Sasa nisikize vizuri. Nyamaza. Mwambie Laban amtajie mzee ukoo mwingine. Nani atajua? Hiyo karatasi iko Uingereza."

"Serah, kwetu huyo ni kaka yangu. Si binamu. Kaka."

"Kaka aliyekubusu hapo mlangoni mbele yangu?"

Velma aliangua kilio, na Serah akajuta mdomo wake.

Laban aliingia na shati jipya, anatabasamu kuanzia mlangoni. Alikuwa ameichapisha picha ya daftari la mzungu, waliyotumiwa na wale wajukuu, kwa ofisi ya Mike na kuibeba ndani ya bahasha.

"Mbona sura hiyo? Mtu amekufa?"

"Keti, Laban."

"Niketi nini! Lete simu, tumpigie mkwe wangu."

"Laban, keti."

Akaketi. Velma akamwambia. Hakuzunguka, alijua akizunguka atashindwa. Alimwambia kuhusu kijito, kuhusu Wanyama, kuhusu shamba lisilolimwa. Laban alimsikiliza mpaka mwisho, bahasha iko magotini.

"Hapana," akasema. "Hapana. Makokha wako wengi."

"Wana wa Wanyama wa Namulanda?"

"Velma, hapa tuko Saudia! Madam wako ameolewa na nani?"

"Mtoto wa ami yake."

"Unaona? Wanakaa, wanazaa, wanacheka! Sisi undugu wetu hata si wa baba, ni wa mababu! Kwa hawa watu tungefanyiwa sherehe!"

"Sisi si hawa watu."

"Tudanganye basi! Mimi nimeishi bila ukoo miaka yangu yote, siwezi kuendelea?" Akainua bahasha. "Nichane hii karatasi? Sema neno moja tu, nichane."

Aliitoa kwenye bahasha, akaishika kwa mikono miwili. Velma aliitazama ile mikono. Alitaka kusema chana. Jamani, alitaka kwa roho yake yote, neno lilikuwa limefika kwenye meno.

"Babako alizikwa wapi?" akauliza badala yake.

"Unajua. Kwenye makaburi ya kanisa. Walisema mtu wa kuja hana mahali."

"Ulinieleza hiyo hadithi siku ya kwanza. Ulilia."

"Hayo yaliisha."

"Hayajaisha. Ukichana hiyo karatasi nitakuwa na mume, wewe utabaki huna watu. Na kila nikikuona umekaa peke yako unawaza, nitajua ni mimi niliyekufungia mlango. Siwezi, Laban. Nakupenda, na siwezi."

Laban aliinama akaficha uso. Mabega yalimtikisika. Serah alizima jiko akatoka nje kwenye ngazi, akasimama huko na mikono yenye unga.

Velma ndiye aliyepiga simu. Aliweka sauti ya wazi.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Haya, mmepata ukoo wa kijana?"

"Baba, Makokha alikufa Kitale. Kwa shamba la mzungu. Alibatizwa Japheth, ndiyo maana hamkumpata mkitafuta." Akamtazama Laban. "Aliacha mtoto. Huyo mtoto pia alifariki. Lakini mjukuu yuko. Yuko hapa, ananisikia."

Majogoo waliwika huko Bungoma, wakasikika mpaka Bani Malik.

"Huyo mjukuu anaitwa nani?"

"Laban."

"Laban yupi?" Mzee akashusha sauti. "Laban wako, Velma?"

"Si wangu tena, baba. Ni wetu."

Mzee Paul alilia. Velma hakuwahi kumsikia akilia, hata walipomzika babu. Alilia kwa furaha ya Makokha, akalia kwa ajili ya binti yake, na hakujua aanze na lipi.

"Laban," akaita hatimaye. "Mwanangu, unanisikia? Mimi ni babako mdogo. Shamba lenu liko. Hatujaligusa."

Laban alifungua mdomo, jina la kumwita mzee likamshinda mwanzoni. Alikuwa amejizoeza kusema mkwe.

"Nasikia... baba," akasema.

Jioni hiyo alirudi Riyadh. Hawakukumbatiana. Waliagana kwa mkono pale kwenye taksi za pamoja, kama watu wa kanisani, na Velma akaenda zake Al-Hamra kupika chakula cha wageni wa madam. Tangu siku hiyo hakuna aliyempigia mwenzake.

Mkataba wa Laban ulipoisha, alipanda ndege akaenda moja kwa moja Namulanda.

Velma alikuwa jikoni akipanga vikombe vya kahawa, simu ikalia. Ni mamake, kwa video. Boma limejaa watu. Akamwona Laban katikati, jembe mkononi, babake kando yake, wote wawili wamesimama pale Kwa Makokha. Ardhi mbichi ilikuwa imepasuliwa mstari mmoja, nyeusi.

"Velma, unaona?" mamake akapaza sauti. "Wanawake wananingoja mimi nianze kigelegele, lakini kumpokea mwana wa boma ni kazi ya dada yake. Wewe ndiwe binti wa hapa. Anza wewe!"

Simu ikasogezwa kwa Laban. Alikuwa amekonda. Alimtazama, midomo ikacheza kidogo.

"Dada," akasema.

Velma alikuwa amejifunza kigelegele kizuri kwa ajili ya siku nyingine kabisa. Alikishikilia kooni, akatazama vile vikombe, akatazama ule mstari wa udongo.

"Karibu nyumbani, kaka."

Akaweka mkono mdomoni, akapiga kigelegele. Kirefu, mpaka pumzi ikaisha. Kule Bungoma wanawake wote wakamwitikia, boma likalipuka.

Madam alikuja jikoni mbio, amefurahi, anapiga makofi.

"Velma! Mabruk! Ni harusi? Nani anaoa?"

"Mafi, hakuna harusi, madam," Velma akasema, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Kaka yangu amerudi nyumbani."

Akachukua sinia la kahawa, akalipeleka kwa wageni.