Tatu Katika Daftari la Philomène

Aliyesimulia habari hii kwanza ni Élise mwenyewe, Julai 2006, nyumbani kwa mdogo wake Aimée, mtaa wa Kikula, Likasi, mji wa migodi kusini mwa Kongo. Alisimulia mara moja tu.

Mwaka 1995 Élise alikuwa na miaka kumi na tisa, akimtunza shangazi yake Philomène, aliyekuwa amechoka tangu homa ya miaka mitatu nyuma, asipate kupumzika tena hata akilala mchana kutwa. Siku moja, akitandika kitanda, Élise aliona godoro limebonyea mashimo mawili, kama ya watu wawili waliolala. Moja lilikuwa la shangazi. La pili, upande wa ukuta, lilikuwa na joto, na lilinuka jiwe lililotoka kuchimbwa.

Wakati huo Dokta Casimir alikuwa akijaribu dawa ya uchovu kwa wagonjwa, Philomène akiwemo. Chupa zina namba; nyingine zina dawa, nyingine unga usio na dawa, na hata yeye hajui zipi. Kila siku mgonjwa anaandika uchovu wake, kuanzia sifuri hadi kumi. Kila Ijumaa anayeleta daftari anapewa unga wa mahindi na sabuni. Anayezidi saba wiki mbili anatolewa kwenye majaribio. Mishahara ilikuwa imekatika mjini, na nyumba nzima ilikula unga huo wa mahindi.

"Leo ni tisa, mwana," alisema Philomène. "Hata kijiko inanilemea."

"Tantine, nikiandika tisa batatutoa. Tutakula nini?"

"Basi andika tatu. Weye njo unashika bic, minye nashika tu kitanda."

Walicheka. Élise akashika kalamu, akaandika tatu. Ndipo kutoka upande wa ukuta, kwa sauti ya Élise mwenyewe, kitu kikasema taratibu: "Tatu."

Kuanzia hapo, kila adhuhuri, mbao za kitanda zililia kama mtu mzito anapanda, na shimo la pili likasogea, kidole kwa kidole, likafika ubavuni mwa Philomène, kisha shuka likabonyea juu ya kifua chake bila mkono wowote kuonekana, naye akavuta pumzi fupifupi huku Élise amesimama mlangoni na daftari, akijua ataandika nini.

Wakamwita Mama Camille wa kundi la maombi. Aliomba saa nzima, akatoka akifuta jasho.

"Ni nani alisema huyu mama iko muzuri?" alinong'ona, akitazama daftari.

"Hakuna, mama."

"Basi hii kitu inajua kusoma kuliko minye. Siwezi kufukuza kitu yenye imeandikwa haiko. Ijumaa enda kwa dokta, useme kweli mbele ya bagonjwa wote. Kisha nitarudia maombi."

Ijumaa Élise alisimama kwenye foleni. Dokta Casimir alifungua daftari, uso ukang'aa.

"Bravo! Huyu tantine yako njo anatupatia moyo. Bengine bote banazidi kuchoka."

Élise alifungua mdomo. Nyuma ya dokta, mifuko ya unga ilikuwa imebaki michache. Akasema, "Merci, dokta," akabeba wa kwao. Alijiambia atasema Ijumaa ijayo.

Jumatano adhuhuri alikuta chumba kimya. Philomène alikuwa amekufa, kifua kimebonyea kama kilichokaliwa muda mrefu. Daftari lilikuwa wazi kando yake. Kwenye mstari wa siku hiyo kulikuwa na sifuri, kwa mwandiko wa Élise, naye hakuwa amegusa kalamu tangu jana yake.

Mama Camille alirudi akaomba tena. Alisema chumba ni kitupu, na kwamba hajui kitu kile kilitoka na nani.

Philomène alizikwa Likasi mwezi huohuo. Mama Camille alifariki mwaka 2001. Dokta Casimir alihamia Lubumbashi; waliomwona mwisho wanasema yu hai, ingawa amezeeka. Élise yu hai. Amelea watoto watano, na hakuna kati yao aliyewahi kumsikia akisema amechoka.